Majazi kutoka Balagha hadi Darasani: Historia ya Utambuzi wa Tamathali za Semi kwa Mfano wa *Adili na Nduguze*

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya utambuzi wa tamathali za semi katika hadithi ndefu zinazosomwa na wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule za msingi na madarasa ya mwanzo ya sekondari. Mfano unaotumika ni *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert (1952). Hoja kuu ni kwamba istilahi ya majazi, ambayo katika elimu ya balagha ilitaja uwanja mpana wa maneno yanayotumiwa nje ya maana yake ya asili, ilipungua darasani hadi kutaja jina la mhusika linalowiana na tabia yake. Kwa sababu hiyo, msomaji kijana huyatambua kwa wepesi majina ya Adili, Hasidi na Mwivu, lakini haulizi majina hayo yanafanya kazi gani. Makala inaonyesha kwamba majina hayo ndiyo karina inayomwelekeza msomaji kuyasoma mageuzi ya watu kuwa manyani na mawe kama lugha ya kitamathali, na kwamba jina la Adili mwenyewe ni swali ambalo hadithi nzima inajaribu kulijibu.

1.0 Utangulizi

Swali la kutaja na kufafanua tamathali za semi limezoeleka sana katika mitihani ya fasihi ya Kiswahili. Mtahiniwa hutarajiwa kuchomoa sentensi kutoka katika kitabu teule, kuipa jina la tamathali, na kueleza kwa ufupi umuhimu wake. Ufundishaji wa stadi hii umejengwa juu ya viashiria vinavyoonekana. Neno *kama*, *mithili ya* au *mfano wa* humjulisha mwanafunzi kwamba ana tashbihi mbele yake. Kiashiria hicho kikikosekana na ulinganisho ukabaki, ni istiara. Kitu kisicho mtu kikitenda kama mtu, ni tashihisi.

Utaratibu huu una manufaa yake, hasa kwa wanaoanza. Hata hivyo, unategemea sharti ambalo halitajwi: kwamba ulimwengu unaosimuliwa unafuata kanuni za ulimwengu wa kawaida, ambamo nyoka hazungumzi na jiwe halikuwahi kuwa mtu. Hekaya haitimizi sharti hilo. Katika *Adili na Nduguze*, nyoka ni jini wa kike, manyani wawili ni ndugu wa damu wa liwali, na mji mzima una wakazi waliokuwa mawe. Mwanafunzi akiandika kwamba nyoka huyo ni tashihisi, amekosea, kwa kuwa ndani ya hadithi nyoka huyo ni kiumbe chenye akili kwelikweli. Akiandika kwamba hakuna tamathali yoyote hapo, amekosea zaidi.

Tatizo hilo halikuanzia kwa mwanafunzi wala kwa mwalimu wake. Chanzo chake kimo katika historia ya istilahi zenyewe: zilikotoka, zilivyohamishwa, na kilichoachwa njiani. Sehemu zinazofuata zinaifuatilia historia hiyo kwa kujikita katika istilahi moja, yaani majazi, kabla ya kurejea katika matini ya Shaaban Robert.

2.0 Majazi katika Elimu ya Balagha

Istilahi nyingi zinazotumika katika uhakiki wa Kiswahili zina asili ya Kiarabu: tashbihi, istiara, kinaya, tashihisi, takriri, mubalagha, majazi. Katika Kiarabu, istilahi kadhaa kati ya hizo zilikuwa sehemu ya mfumo mmoja wa maarifa. Abdul-Qahir al-Jurjani, aliyefariki mwaka 1078, aliuwekea mfumo huo misingi ya kinadharia. As-Sakkaki, aliyefariki mwaka 1229, aliupanga, naye al-Qazwini, aliyefariki mwaka 1338, aliufupisha katika muhtasari uliosomwa kwa karne nyingi katika vyuo vya Kiislamu. Balagha iligawanywa katika matawi matatu: *maani*, inayohusu uhusiano wa muundo wa sentensi na muktadha wake, *bayani*, inayohusu njia mbalimbali za kudhihirisha maana moja, na *badii*, inayohusu mapambo ya usemi.

Tashbihi, majazi na kinaya zilikuwa chini ya bayani. Katika mpangilio huo, majazi ni neno lililotumiwa nje ya maana liliyowekewa, na lina masharti mawili. Sharti la kwanza ni *alaka*, yaani uhusiano unaoiunganisha maana ya asili na maana mpya. Uhusiano huo ukiwa wa mfanano, majazi hayo huitwa istiara. Usipokuwa wa mfanano, kwa mfano pale mkono unapotajwa kwa maana ya fadhila inayotolewa kwa mkono, huitwa majazi mursali. Sharti la pili ni *karina*, yaani dalili inayomzuia msomaji kuishia kwenye maana ya asili. Anayesema amemwona simba akihutubia watu ametoa karina kwa kutaja kuhutubia, na bila tendo hilo msikilizaji angekuwa na haki ya kumfikiria mnyama.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, majazi hayakuwa kipengele kimoja katika orodha, bali yalikuwa jina la uwanja ambao istiara ilikuwa sehemu yake. Pili, kutambua majazi hakukuhitimishwa kwa kulipa neno jina. Msomaji alipaswa kuonyesha alaka na karina, yaani kueleza ni kitu gani katika usemi kilichomlazimu kuiacha maana ya wazi. Utambuzi ulikuwa hoja yenye ushahidi wake.

3.0 Vitabu vya Shule Kabla ya Istilahi

Elimu ya Kiarabu ilikuwa na wenyewe katika pwani ya Afrika Mashariki muda mrefu kabla ya shule za kikoloni, lakini haikuwa msingi wa somo la Kiswahili lililoanzishwa na shule hizo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Kamati hiyo ilijishughulisha na tahajia, msamiati na sarufi ya vitabu vya shule. Kitabu kilipimwa kwa usanifu wa lugha yake.

Sehemu kubwa ya hadithi ndefu zilizowafikia vijana katika kipindi hicho ilikuwa tafsiri. *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, iliyotafsiriwa na Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati, ilitoka mwaka 1929, na *Kisiwa chenye Hazina* ilitoka mwaka huohuo. *Elisi katika Nchi ya Ajabu* ilifuata mwaka 1940. Hadithi hizo zilitumika kama mazoezi ya kusoma na kama vielelezo vya lugha sanifu. Swali lililotawala baada ya kusoma lilikuwa la ufahamu: nani alifanya nini, wapi, na kwa nini.

*Adili na Nduguze* ilichapishwa na Macmillan, London, mwaka 1952, mwaka mmoja baada ya *Kusadikika*. Ilitokea wakati ambapo mwandishi Mwafrika wa nathari ya Kiswahili alikuwa bado nadra, na iliingia katika rafu zilezile za vitabu vya vijana zilizojaa tafsiri. Kisa chake kina asili katika *Alfu Lela Ulela*, katika hadithi ya Abdullah bin Fadhil na ndugu zake. Kwa msomaji aliyezoea vitabu vya masimulizi ya safari na maajabu, ilikuwa rahisi kukipokea kitabu hiki kama hekaya nyingine ya kuburudisha yenye mafunzo ya tabia njema. Mapokezi hayo yalidumu. *Kusadikika* imesomwa mara nyingi kama istiara pana ya utawala na dhuluma, ilhali *Adili na Nduguze* imebaki zaidi mikononi mwa watoto.

4.0 Kupungua kwa Majazi

Istilahi za Kiarabu zilikita mizizi katika ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili hasa baada ya uhuru. Kuanzishwa kwa Idara ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970 kulihitaji lugha ya kufundishia uhakiki kwa Kiswahili chenyewe. Katika muongo huo, mgawanyo wa kazi ya fasihi katika fani na maudhui ulienea, na tamathali za semi zikawekwa chini ya fani. Nchini Kenya, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka 1989. Mahitaji ya miongozo na orodha za mbinu za lugha yakaongezeka sana.

Katika mazingira hayo, istilahi za balagha zilichukuliwa mojamoja na kulinganishwa na orodha ya tamathali iliyokuwa imezoeleka katika somo la fasihi ya Kiingereza. Baadhi zilipata nafasi inayokaribiana na ile ya awali, kama tashbihi. Nyingine zilihama. Kinaya ni mfano mzuri. Katika balagha, kinaya ni usemi unaotaja jambo moja ili kuashiria jingine linaloandamana nalo, bila kuifuta maana ya wazi: kumwita mtu mwenye majivu mengi ni kumsifu kwa ukarimu, kwa kuwa majivu mengi yatokana na kuwapikia wageni wengi. Kwa kipimo hicho, kujifunga kibwebwe kwa maana ya kujitahidi ni kinaya, kwa sababu anayeshika kazi huenda akajifunga kibwebwe kwelikweli. Darasani, usemi huo huitwa nahau, na neno kinaya limepewa kazi ya kutaja usemi au tukio lililo kinyume na matarajio.

Majazi nayo yalihama, ila kwa namna tofauti: yalipungua. Katika vitabu vya kiada na miongozo mingi ya Kenya, majazi hufafanuliwa kuwa ni mbinu ya kumpa mhusika au mahali jina linalolingana na sifa zake. Katika uhakiki wa Tanzania, majina ya namna hiyo huitwa mara nyingi majina ya kimajazi. Istilahi iliyokuwa jina la uwanja imekuwa jina la kona moja ya uwanja huo. Istiara, iliyokuwa mtoto wa majazi, sasa imeorodheshwa kando yake kama ndugu.

Mabadiliko ya maana ni jambo la kawaida katika maisha ya istilahi, na lugha inayokopa haidaiwi utii kwa lugha inayokopesha. Hasara haimo katika mabadiliko yenyewe. Imo katika kwamba, wakati jina lilipokopwa, masharti yake mawili hayakukopwa pamoja nalo. Alaka ilibaki kwa sehemu, katika maelezo kwamba jina linawiana na tabia. Karina ilipotea kabisa. Mwanafunzi hufundishwa kutaja kwamba Hasidi ni majazi kwa kuwa mhusika huyo ana husuda, kisha huendelea na tamathali inayofuata. Hakuna anayemuuliza jina hilo linabadilisha vipi maana ya tukio ambamo mwenye jina anageuzwa nyani.

5.0 Majina kama Karina katika *Adili na Nduguze*

Muhtasari wa kisa unatosha kuonyesha tatizo. Mfalme Rai anapata habari kwamba Adili, liwali wake, ana manyani wawili ambao huwapiga kila usiku kwa siri. Adili anatakiwa kueleza, na maelezo yake ndiyo moyo wa kitabu. Manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu wa mafanikio yake. Aliokolewa na Huria, jini ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumwokoa alipokuwa katika umbo la nyoka. Huria ndiye aliyewageuza ndugu hao na kuamuru wapigwe. Katika safari iliyotangulia hayo, Adili alifika katika mji ambao wakazi wake walikuwa wamegeuka mawe, akamkuta Mwelekevu akiwa hai.

Ulinganisho na kisa cha *Alfu Lela Ulela* unaonyesha mahali ambapo Shaaban Robert alifanya kazi yake kubwa. Katika kisa hicho, ndugu wawili wanaitwa Nasir na Mansur, na wanageuzwa mbwa. Majina hayo yanatoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kunusuru, lakini ni majina ya kawaida ya watu, na hayamhukumu anayeyabeba. Yakiwa na ujumbe wowote, ni ujumbe wa kinyume, kwa kuwa wenye majina ya nusura ndio wanaohujumu. Shaaban Robert ameyaondoa majina ya watu na kuweka mahali pake majina ya sifa. Abdullah amekuwa Adili. Nasir na Mansur wamekuwa Hasidi na Mwivu. Mbwa wamekuwa manyani.

Kwa kipimo cha darasani, hapa pana mifano mitatu ya majazi na kazi imekwisha. Kwa kipimo cha balagha, kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu majina haya yanatekeleza jukumu la karina. Katika ulimwengu wa hekaya, sentensi inayosema kwamba mtu amegeuka nyani haina ndani yake dalili yoyote ya kuizuia maana ya wazi, kwa kuwa katika ulimwengu huo majini wapo na watu hugeuzwa. Msomaji wa hadithi ya Nasir na Mansur anaweza kuisoma hadi mwisho kama tukio la ajabu lililowapata watu wawili. Msomaji wa hadithi ya Hasidi na Mwivu hana uhuru huo. Jina limekwisha kumwambia kwamba anayegeuzwa ni husuda, na kwamba unyani ni sura ya husuda inapoonekana kwa nje. Dalili haimo katika sentensi ya mageuzi. Imewekwa mapema zaidi, katika ubatizo wa wahusika, na inaendelea kufanya kazi kila jina linapotajwa.

Uteuzi wa manyani badala ya mbwa unapata maana katika mwanga huohuo. Nyani ni mnyama anayemkaribia mtu kwa umbo, na msomaji Mwislamu wa pwani alijua kisa cha Kurani cha watu walioamriwa kuwa manyani kwa uasi wao. Methali ya Kiswahili nayo inasema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe, na hiyo ni tabia ya mwenye husuda hasa. Alaka kati ya kosa na adhabu, ambayo katika kisa cha mbwa ni hafifu, imeimarishwa kwa rasilimali za lugha na utamaduni wa msomaji mpya.

Majina ya ndugu hao yana jambo jingine ambalo orodha ya tamathali haiwezi kulinasa. Hasidi ni neno la asili ya Kiarabu. Mwivu ni neno la Kibantu. Maana zake zinakaribiana kiasi cha kuweza kubadilishana nafasi. Mwandishi amewapa watu wawili dosari moja kwa misamiati miwili ambayo Kiswahili kimeirithi. Kupanga maneno na vishazi kwa ulinganifu ni sifa inayofahamika ya nathari ya Shaaban Robert, na hapa ulinganifu huo umetoka katika sentensi ukaingia katika ukoo. Kimaana, hatua hiyo inazuia usomaji unaotafuta tofauti ya tabia kati ya ndugu hao na kumlaumu mmoja zaidi ya mwenzake.

Mji wa watu waliogeuka mawe unasomeka kwa ufunguo uleule. Aliyesalia hai humo anaitwa Mwelekevu. Kuelekea ni kugeukia upande unaoonyeshwa, na mwelekevu ni mtu mwepesi wa kushika mafunzo. Jiwe haligeuki kwa kuonyeshwa njia. Jina la mtu mmoja aliye hai linatoa maelezo juu ya wote waliokufa. Istiara ya moyo mgumu kama jiwe, inayojulikana na kila mzungumzaji wa Kiswahili, imechukuliwa kwa uzito wake wote na kufanywa mji.

Lililobaki ni jina la mhusika mkuu. Majazi ya darasani yanasema kwamba Adili anaitwa hivyo kwa kuwa ni mwadilifu. Lakini taswira inayofungua fumbo la kitabu ni ya Adili akiwa na mjeledi, akiwapiga usiku viumbe wasioweza kujitetea, ambao ni wana wa baba yake. Anatekeleza hukumu aliyopewa, na anawasikitikia anaowahukumu. Jina lake haliyaelezi mambo hayo, bali linayafanya yawe magumu zaidi: je, uadilifu ni kuitimiza adhabu iliyoamriwa, au ni kutafuta njia ya kuikomesha? Kitabu kinaijibu hoja hiyo kwa mwendo wa kisa, pale Rai anapoingilia kati na ndugu hao kurejeshewa ubinadamu wao. Msomaji aliyekwisha kuandika kwamba Adili ni majazi na kupata alama zake hana sababu ya kugundua kwamba palikuwa na hoja.

6.0 Pingamizi Mbili

Inaweza kudaiwa kwamba ni makosa kuisoma kazi ya mwaka 1952 kwa nadharia ya karne ya kumi na moja, bila uthibitisho kwamba mwandishi aliifuata. Uchambuzi uliotolewa hapa hauhitaji dai hilo. Unachohitaji ni kukubali kwamba istilahi zinazotumiwa leo kuihakiki kazi hiyo zilitoka katika mfumo huo, na kwamba swali la karina, lililoachwa nyuma, linaangaza jambo lililomo katika matini.

Pingamizi la pili ni la kifundishaji: kwamba mwanafunzi wa miaka kumi na miwili hawezi kubebeshwa alaka, karina na majazi mursali. Hilo ni kweli kuhusu istilahi, lakini si kweli kuhusu maswali. Mtoto anaweza kuulizwa kisa hiki kingebadilika vipi endapo ndugu wawili wangeitwa Juma na Ali. Anaweza kuulizwa kwa nini ni manyani na si mbwa. Maswali hayo ni mepesi kuliko kukariri fasili kumi na tano za tamathali, na ndiyo yaliyo karibu zaidi na kile ambacho wanabalagha walikiita utambuzi.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba namna ya kutambua tamathali za semi katika hadithi za vijana ina historia, na kwamba historia hiyo inaacha alama katika kinachoonekana na kisichoonekana ndani ya matini. Shule ya kikoloni iliisoma hadithi ndefu kama kielelezo cha lugha sanifu. Shule ya baada ya uhuru iliipatia istilahi za uhakiki kwa Kiswahili, hatua kubwa ambayo haifai kubezwa, lakini istilahi hizo zilifika zikiwa zimetenganishwa na masharti yaliyozipa nguvu. Majazi ndiyo istilahi iliyopungua waziwazi zaidi, na *Adili na Nduguze* ni kitabu kilichoathirika kwa namna ya pekee, kwa kuwa ujenzi wake wote umeegemea pale ambapo maana finyu na maana pana ya majazi hukutana. Kitabu hicho kinapowekwa kando kama hekaya ya watoto yenye majina rahisi, kinachokosekana ni mjadala wa Shaaban Robert kuhusu adhabu na huruma, ambao umo katika majina hayohayo yanayodhaniwa kuwa rahisi. Mhakiki anayetaka kuiweka kazi hii kando ya *Kusadikika*, panapostahili, ana mahali pa kuanzia: ayachukulie majina ya wahusika kama maswali, kisha afuatilie ni wapi katika kisa kila swali linajibiwa.